Simu Ambayo Sikumpigia Kufuli

Nianze na kosa, maana nikianza na sifa mtadhani natafuta pa kujificha. Mshahara wa Kufuli niliutoa mimi. Kwa mikono yangu hii, Jumatano asubuhi, nimeshiba chai na akili zangu timamu, niliuondoa kwenye akaunti aliyoitumia miaka kumi na minne nikauelekeza kwa mwizi. Sikulewa, sikuhongwa, hakuna aliyenishikia panga. Niliogopa kupiga simu, basi.

Kufuli ndiye mkuu wa mishahara kwenye kiwanda chetu cha kufua nguo. Tunafua mashuka ya hospitali, mataulo ya hoteli, makoti ya watu wa maabara na vitambaa vya meza vilivyomwagiwa kila kinachoweza kumwagika. Tuko watu mia moja na arobaini na watatu. Ofisi ya mishahara iko juu, unapanda ngazi kumi na saba za chuma, chumba chenye meza mbili, makabati matatu na dirisha dogo la kioo linalosukumwa pembeni. Mvuke wa mashine za chini unapanda mpaka humo, ndiyo maana karatasi zetu zote zimejikunja na wino haukauki upesi. Mfanyakazi mwenye shida ya mshahara haingii ndani. Anasimama dirishani, anainama kidogo, anaongea.

Jina la Kufuli alipewa na wapiga pasi, na hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake isipokuwa yeye mwenyewe. "Mwambieni Kufuli amesema hapana," ndivyo alivyokuwa akijibu, uso mkavu, na hujui ucheke au uondoke.

Alianzia chini, kwenye kukunja mashuka, akiwa na miaka ishirini na ushee. Enzi hizo mishahara ililipwa kwa bahasha. Mwezi mmoja alikuwa amelazwa, amejifungua mtoto wake wa pili, na mwanamke mmoja akaja dirishani, kajifunga khanga kiunoni, kashika chupa ya chai. Akasema, "Mimi ni dada yake. Kanituma nimchukulie, mtoto hana maziwa." Mlipaji wa wakati huo alikuwa na moyo laini. Alimpa bahasha, akampa pole, akamwongezea na nauli kutoka mfukoni mwake.

Kufuli hana dada. Kwao wamezaliwa wavulana wanne na yeye peke yake.

Alinisimulia habari hiyo mara moja tu, huku akibana risiti kwa stepla, kwa sauti ileile ya kuomba faili. Kiwanda kilimwambia angoje wachunguze. Akangoja siku nne, mtoto mchanga mkononi na mkubwa analia njaa, na kwa siku hizo nne walikula kwa jirani. Nilipomuuliza yule mwanamke alipatikana, alinitazama kama nimemuuliza bei ya ndege.

Alipotoka uzazi akaanza kusoma uhasibu jioni, akapanda ngazi zile kumi na saba, na tangu alipokalia kile kiti hakuna mshahara uliochelewa hata kwa siku moja, wala uliokwenda kwa asiyestahili. Utaratibu wake ulikuwa mfupi. Anayetaka kubadili akaunti ya benki aje mwenyewe dirishani na kitambulisho. Kama yuko mbali, apigiwe kwa namba iliyo kwenye faili lake la ajira, siyo namba aliyoituma kwenye barua. Kisha mtu wa pili atie saini kwamba uhakiki umefanyika. Dereva mmoja aliyeumia mguu alimtuma mkewe na barua yenye muhuri. "Mkeo namheshimu," Kufuli alimwambia kwa simu, "lakini yeye simlipi mimi." Jamaa akaja kwa magongo, akapanda ngazi zote hizo huku akitukana kila moja. Hata mkurugenzi aliwahi kutuma barua pepe akiwa safarini. Kufuli akampigia simu, akamuuliza maswali matatu kama askari wa mpakani, na mkurugenzi akakasirika, akacheka, akajibu.

Sasa mtu wa namna hiyo ukikaa naye ofisi moja, unajifunza kunyamaza. Mimi nilihamishwa kutoka ghalani miaka minne iliyopita, nikiwa na miaka thelathini na saba, baba wa watoto wawili, na wiki ya kwanza tu aliniita "mwenzangu". Nilifurahi. Baadaye nikagundua kwamba akikuita mwenzangu ujue umeharibu. Nilikuwa nikihakiki jambo mara tano ili nisimuulize mara moja. Nikimpigia simu, nafanya mazoezi ya sentensi kwanza.

Mwezi ule alichukua likizo, ya kwanza kwa miaka sita. Hakuwa anakwenda kupumzika. Mumewe ni fundi cherehani, mwenye chumba cha kushonea mbele ya nyumba yao, na presha ya macho ilikuwa inamla polepole. Jicho la kulia lilikuwa limeanza kuona ukungu. Daktari bingwa wa macho anakuja kwenye hospitali ya hapa kwetu mara mbili tu kwa mwaka, anakaa wiki mbili, anapasua, anaondoka. Fundi alikuwa kwenye orodha. Sharti lilikuwa moja: malipo yote yawe yameingia hospitali kabla ya saa kumi alasiri, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Na bahati ilitaka mwezi huohuo Kufuli alipwe mshahara, posho ya likizo na zawadi ya utumishi wa miaka thelathini, vyote kwa pamoja. Alikuwa amepiga hesabu hiyo kwenye kipande cha karatasi, nikaiona. Inatosha, inabaki nauli ya kurudi.

Akifunga droo yake Ijumaa ya kuondoka, aliniambia, "Mwezi huu usikosee." Kisha akaongeza, "Na mtu asinipigie simu. Labda jengo liwe linaungua. Na hata hapo, anza na zimamoto." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kabla ya kuzima kompyuta aliweka lile jibu la barua pepe linalojituma lenyewe: yuko likizo mpaka tarehe fulani, na kwa mambo ya mishahara mwandikieni fulani, yaani mimi. Aliona anasaidia watu. Kumbe mtu yeyote duniani aliyemwandikia upuuzi wowote wiki ile alijibiwa kwamba mlinzi hayupo, harudi mpaka siku fulani, na mlangoni kaachwa nani.

Jumatano barua ikaja. Niliisoma kwenye simu yangu, nimesimama chini karibu na mashine ya kukamua, na simu yangu huonyesha jina la mtumaji tu, haionyeshi anwani. Jina lilikuwa la Kufuli, majina yote matatu, na cheo chake chini. "Habari ya kazi. Akaunti yangu ya zamani ina matatizo, benki wanaishughulikia. Tafadhali mshahara wangu wa mwezi huu uingie kwenye akaunti hii hapa chini. Niko mahali ambapo simu haishiki vizuri. Asante sana na pole kwa kukusumbua."

Tafadhali. Asante sana. Pole. Kwa miaka minne hakuwahi kuniambia hata moja kati ya hayo, na mimi, badala ya kushtuka, nilifurahi. Nikasema moyoni, tazama, likizo imemlainisha.

Lakini utaratibu nilikuwa naujua. Nilipanda juu, nikakaa, nikavuta faili lake, nikaiona namba yake ya simu imeandikwa kwa mwandiko wake uliosimama wima. Nikanyanyua mkono wa simu ya mezani. Nikabonyeza tarakimu nne. Nikasimama hapo.

Nikamsikia kabisa akinijibu. "Mwenzangu, hujui kusoma? Si nimekuandikia?" Nikamwona amekaa na mgonjwa wake, simu inalia, ni mimi, namuuliza kama yeye ni yeye. Nikaurudisha mkono wa simu mahali pake taratibu, kana kwamba angeweza kusikia.

Nikaenda kwa mhasibu mkuu, kwa sababu saini ya pili ni yake. Yule ni mtu mwema, mnene, mpenda utani. Nilimwambia bado sijampigia.

"Ni akaunti ya nani?" akauliza.

"Ya Kufuli."

"Kwa hiyo unataka umpigie Kufuli umuulize kama yeye ni Kufuli?" Akaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana kicheko kilinifaa sana wakati ule. "Ndugu yangu, mimi bado nataka kuishi." Akasaini. Watu wazima wawili, wenye vyeti, tukapitisha kitu ambacho tusingempitishia hata mfagizi.

Ijumaa nilituma faili la mishahara benki saa tatu asubuhi. Malipo huingia saa sita kamili. Nikajiona mwanamume. Saa tano na dakika kumi na mbili simu ya mezani ikalia, na alikuwa Kufuli mwenyewe, mtu aliyetukataza tusipige.

"Faili limekwenda?"

"Limekwenda, mama. Saa tatu kamili."

"Umehakiki jumla?"

"Mara tatu."

"Sawa." Nyuma yake nilisikia viti vikiburutwa na mtu anaita namba za wagonjwa. Alikuwa hospitali tayari, anangoja saa sita. Nikaona nimwongezee furaha. "Na ile akaunti yako mpya nimeiweka, usiwe na wasiwasi."

Nilidhani simu imekatika.

"Akaunti gani mpya?" akauliza.

Nikatoa simu yangu mfukoni, nikaitafuta ile barua. Kisha akauliza tena, taratibu sana, neno moja moja, nami nikamweleza. Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza.

"Piga benki," akasema. "Sasa hivi. Halafu nipigie."

Dada wa benki anayeshughulikia faili zetu ni mtu makini. Alinisikiliza bila kunikatiza. "Siwezi kuutoa mstari mmoja," akasema. "Faili la mishahara linapita lote au linarudi lote."

"Lirudi basi!"

"Likirudi, mtatuma jipya. Ila mwisho wa kupokea kwa leo ulikuwa saa tano, imeshapita. Na Jumatatu ni mapumziko. Watu wenu watalipwa Jumanne."

"Na likipita? Hiyo akaunti hamuwezi kuizuia?"

"Ni ya benki nyingine. Nitawaandikia sasa hivi. Lakini nisikudanganye, kaka, hela za namna hii hazikai. Zikiingia, dakika kumi zimeshatolewa. Kama mnalirudisha, nahitaji barua yenye saini mbili kabla ya saa sita kasorobo. Baada ya hapo mimi sina uwezo."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano. Mhasibu mkuu alikuwa ameshafika mlangoni, kalamu mkononi, utani wote umemwishia. Barua niliiandika kwa dakika tatu, nikaitia saini yangu. Ikabaki yake. Nikampigia Kufuli nikamweleza yote.

"Tuna dakika ngapi?" akauliza.

"Kumi na tano."

Nikasikia mumewe akimuuliza, "Kuna nini, mama watoto?" Akamjibu, "Mambo ya kazini tu." Kisha akarudi kwangu. "Yule wa mashine ya kukamua, mwenye nyumba wake alimpa mpaka lini?"

"Kesho."

"Na yule mama wa mataulo, mwenye mgonjwa?"

"Dawa zinaisha wikiendi hii. Alikuja dirishani juzi kuuliza kama mshahara ni Ijumaa kweli."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia Ijumaa."

Nilisikia namba nyingine ya mgonjwa ikiitwa. Hapo nikapiga moyo konde, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikabishana naye. "Mama, siku nne hawafi. Watatutukana, watakopa, watavumilia. Nitasimama mimi mbele yao niseme kosa ni langu. Jicho haliwezi kukopwa."

"Mimi niliwahi kungoja siku nne," akasema. "Usinifundishe siku nne."

"Lakini fundi..."

"Mwenzangu." Sauti ilikuwa ileile ya siku zote. "Watu mia moja na arobaini na wawili niliwaambia watalipwa leo. Liache liende. Nikirudi nikute mmeligusa, tutaonana."

Akakata.

Mhasibu mkuu alinitazama. "Amesemaje?"

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema amekubali, au kumwambia asaini halafu nibebe msalaba wangu mwenyewe. Dakika tisa zilikuwa zimebaki, barua iko mezani, na dada wa benki anangoja. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na jibu ni lilelile. Jumatano nilimwogopa nikanyamaza. Ijumaa nilimwogopa nikatii. Nikasema, "Kasema tuliache." Mhasibu mkuu akafunika kalamu yake, na niliuona wepesi ulioingia mabegani mwake, nikamchukia kwa sababu mimi pia nilikuwa nao.

Saa sita kamili simu zikaanza kulia kule chini. Kwanza moja, kwenye makoti. Halafu tatu kwa pamoja. Halafu kila mfuko, kila mkoba uliotundikwa ukutani, kila rafu. Mtu akapiga kigelegele, mwingine akaimba, mashine ya kupigia pasi ikaachwa inazunguka bila shuka. Yangu nayo ikalia mfukoni. Nilisimama dirishani nikawatazama wanavyofurahi, na hakuna hata mmoja aliyejua wanafurahia nini.

Dakika kumi na mbili baadaye dada wa benki akapiga. Imeingia, imetolewa yote, na akaunti imefungwa.

Tulimpigia mkurugenzi tukaomba kiwanda kimlipe Kufuli kutoka mfuko mwingine. Alisikitika kweli, nadhani. Lakini kwenye kitabu cha taratibu kuna ukurasa unaosema mshahara uliokwenda kwa makosa haulipwi mara ya pili mpaka uchunguzi ukamilike, na aliyeuandika ukurasa ule ni Kufuli. Nikampigia tena nikamwambia nitapitisha kofia kwa wafanyakazi. "Ukipitisha kofia kwa watu waliolipwa saa hii kwa ajili yangu," akasema, "usinijue tena." Basi nikatoa mshahara wangu wote benki, mhasibu mkuu akaniongezea wa kwake karibu nusu bila kuombwa, nikapanda pikipiki mpaka hospitali.

Niliwakuta kwenye benchi la korido, yeye na fundi, wamekaa wima kama watu wanaongoja kupigwa picha. Tulijumlisha nilichokuja nacho, akiba yake, na alichoweza kukopa kwa kaka zake kwa simu. Ilifika theluthi mbili. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini.

Dirisha la malipo la hospitali ni dogo kama letu. Ndani alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, miwani puani, karatasi zake zimenyooka. Kufuli aliinama kidogo, akaongea. Sikuwahi kumwona ameinama.

"Mama yangu," yule wa dirishani alisema, na hakuwa na ubaya wowote, "mfumo haunipi kupokea nusu kwa upasuaji huu. Orodha inakwenda kwa daktari saa kumi. Mwenye risiti ndiye anayeandikwa. Kuna watu kumi na mmoja nyuma yenu wanaingoja nafasi hii."

Mimi nikalipuka. Nikapiga kelele kwamba tumeibiwa, kwamba tutaleta iliyobaki Jumanne, kwamba huyu ni mtu mwaminifu kuliko jengo zima hilo. Watu wakageuka. Kufuli akanishika mkono wa shati.

"Muache," akasema. "Anafanya kazi yake."

Saa kumi yule mama alisukuma kioo chake, akafunga. Fundi, ambaye hakuwa akiona vizuri kinachoendelea upande wa kulia, akauliza, "Tayari?" Mkewe akamjibu, "Bado. Safari hii imepita." Akakaa karibu naye. Akamweleza kila kitu, mbele yangu, bila kuongeza wala kupunguza. Fundi alitikisa kichwa mara mbili tatu, akasema anataka maji, akainuka kuyatafuta mwenyewe, mkono ukipapasa ukuta.

Tukabaki wawili. Ndipo akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalingoja tangu saa tano.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nilikuogopa, mama."

"Namba yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Nilibonyeza tarakimu nne."

"Wote mnaniogopa?"

"Wote."

"Mimi nilidhani huo ndio ulinzi wenyewe," akasema. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Uchunguzi ulichukua wiki saba. Mwizi hakupatikana. Anwani iliyotuma ile barua ilikuwa ya ovyo kabisa, ndefu, isiyofanana na ya kiwandani hata kidogo, na mtoto wa shule angeiona kama angegusa jina la mtumaji. Kufuli alilipwa pesa zake zote. Mimi nilipewa barua ya onyo, na nilitegemea unga kumwagika, lakini yeye alikataa nifukuzwe. "Nikimfukuza," alimwambia mkurugenzi nikisikia, "nitaletewa mwingine atakayeniogopa zaidi."

Siku aliyorudi kazini alishuka chini wakati wa kubadilishana zamu, akasimama katikati ya matoroli ya mashuka, akawaambia watu wote alivyoibiwa. Hakunitaja kwa ubaya. Alisema kosa ni nusu langu na nusu lake. Alisema kuanzia siku hiyo kila anayebadili akaunti anapigiwa simu, mkurugenzi akiwemo, na yeye kwanza kuliko wote, na kwamba kama amepigiwa akajibu vibaya, aliyempigia aje amwambie mbele za watu. Yule mama wa mataulo akalia kwa sauti. Wengine walitazama viatu vyao. Lile jibu la barua pepe linalojituma siku hizi linasema tu kwamba barua imefika.

Lakini hayo ni ya kazini. Daktari bingwa alirudi baada ya miezi sita, fundi akiwa wa kwanza kwenye orodha, amelipiwa mapema. Alimpima asubuhi nzima. Jicho la kulia lilikuwa limeshazimika, hakuna cha kupasua. La kushoto alilifanyia upasuaji, likabaki na uwezo wa kuona rangi, sura ya mtu aliye karibu, na mstari wa kitambaa kama mwanga ni wa mchana.

Fundi hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko barua ya onyo. Anashona bado. Kwenye cherehani mikono yake inajua njia. Kinachomshinda ni kazi ya sindano ya mkono, vifungo na mapindo, kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi nakwenda kwao, nakaa kwenye stuli mlangoni penye mwanga, namtungia nyuzi kwenye sindano za wiki nzima. Nyeupe kumi, nyeusi kumi, kumi za rangi ya udongo kwa ajili ya sare za shule. Nazichoma kwenye mto mdogo kwa safu ili azipate kwa kidole.

Jumamosi iliyopita aliniomba moja. "Lete hiyo, nijaribu leo." Nikampa. Akaiinua kwenye mwanga karibu kabisa na jicho la kushoto, akalamba uzi, akausokota, akalenga. Ukapita pembeni. Akalenga tena. Kufuli alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, kikombe mkononi, na wala hakusogea. Fundi alijaribu mara saba, nilihesabu, kila mara uzi unapita kando ya tundu kwa upana wa unywele na yeye anaamini umeingia, anauvuta, unatoka mtupu. Mwishowe akacheka, akasema uzi wa siku hizi ni mkaidi, akanirudishia sindano.

Nilipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu. Nikaitunga, nikaichoma pamoja na wenzake, nikaanza zile nyeusi.